Kuta za Mstari wa Askari

Severina alikuwa amebakiza mkono mmoja wa gauni la harusi la watu pale mwanamume asiyemjua alipolikalia.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko, mwezi wa pili mwaka 1955, na Uwanja wa Soko pale Iringa ulikuwa umefurika. Wanawake wa Kalenga walikuwa wamepanda na matenga yao ya nyanya na vitunguu tangu alfajiri. Mafundi baiskeli walikuwa wakigonga vyuma vyao upande wa chini, na harufu ya samaki wakavu ilikuwa imetanda mpaka kwenye maduka ya Wahindi. Severina alikaa palepale alipokaa kila siku, kwenye baraza ya duka la Jivraj, na cherehani yake ya mkono mbele yake. Alikuwa amevaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, alilolishona mwenyewe, na shuka nzito mabegani kwa ajili ya baridi. Gauni la bibi harusi alikuwa amelitandaza kando, juu ya gazeti safi. Hapo ndipo yule mtu, aliyekuwa akirudi kinyumenyume huku anatazama juu, alipojikwaa kwenye ngazi ya baraza na kuketi.

"Kaka," Severina alisema, "umemkalia bibi harusi."

Mwanamume aliruka kama aliyekaa juu ya siafu. Alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, kaptula ya kaki, soksi zilizovutwa mpaka magotini na penseli nyuma ya sikio. Mkononi alishika utepe wa kupimia.

"Samahani sana, dada. Nilikuwa natazama lile tao."

"Tao halina miguu. Lingekungoja ugeuke."

Jivraj alicheka kutoka ndani ya duka. Kijana aliinama, akalikung'uta gauni kwa ncha za vidole, akaligeuza huku na huku kutafuta doa. Halikuwa na doa.

"Naitwa Lutengano Mwambene," alisema. "Kwetu ni Rungwe, ila ofisi yetu iko Mbeya."

"Na huko kwenu kwenye migomba ndivyo mnavyotembea, kinyumenyume?"

"Tukiona kitu kizuri tu," alisema, na safari hii hakuwa akitazama tao.

Severina alirudi kwenye cherehani yake. Lakini mshono wa mkono ule wa gauni ulienda upande, ikambidi aufumue mara mbili.

Lutengano alikuwa mchora ramani. Kampuni moja ya ujenzi ilikuwa imempeleka Iringa kupima na kuchora kila jengo lililozunguka uwanja, kwa kuwa uwanja ungepanuliwa. Siku ya Jumatatu alirudi barazani, akavua kofia.

"Dada Severina, nina shida. Majengo nayapima, lakini hayasemi. Yule mzee wa kwenye mizani ameniambia wewe unaujua uwanja huu kuliko watu wote."

"Mzee wa kwenye mizani anataka nimshonee suruali bure."

"Basi nitamshonea mimi. Wewe nionyeshe."

Alimwonyesha. Alimpeleka Boma, akamweleza kwa nini madirisha ya chini ni membamba na ya juu ni mapana: waliolijenga waliogopa mikuki, na baadaye wakazoea. Alimwonyesha soko na nguzo zake fupi nene, na maduka ya Wahindi yenye milango ya mbao iliyochongwa maua. Akamalizia na kwao. Upande wa mashariki wa uwanja kulikuwa na jengo moja refu la mawe, vyumba kumi na vinne chini ya paa moja, na mbele yake baraza yenye matao kumi na manne. Wajerumani waliwajengea askari wao weusi, na ingawa Wajerumani walikwisha ondoka siku nyingi, watu waliendelea kuliita Mstari wa Askari. Ndani yake walikaa wajane na watoto wa askari wale. Chumba cha tisa kilikuwa cha mama yake, Bi Matilda.

"Kamwene, mama," Lutengano alisalimu kwa Kihehe alichojifunza asubuhi ile.

"Kamwene, mwanangu. Ulimi wako mzito, lakini adabu unayo. Kaa."

Bi Matilda alikuwa mwembamba, amejifunga kitambaa cheusi kichwani, na kifua chake kilikuwa hakipendi baridi. Alimpa uji wa ulezi, akamsimulia.

"Mkwawa alipokwisha kufa, Wajerumani waliwachukua wanaume wa Kalenga, wakawabebesha mawe. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Jiwe likikuponyoka, kiboko. Jengo hili lilipoanza mimi nilikuwa na miaka kumi hivi. Nilichota maji ya kukorogea chokaa. Ukuta huu nyuma yako, maji yake niliyabeba mimi kichwani. Baadaye nikaolewa na askari, nikaja kukaa ndani ya jengo alilolibeba baba. Nilicheka na nililia."

Lutengano aliandika yote kwa herufi ndogo pembeni mwa mchoro wake. Halafu akachukua nyundo ndogo, akagonga ukuta hapa na pale, sikio limeelekea jiwe. Akaning'iniza timazi, akaiangalia muda mrefu.

"Futi mbili za mawe," alisema. "Haujainama hata unywele. Mama, ukuta huu utatuzika sote."

"Useme sasa wewe uliyesoma," Bi Matilda alisema, naye akaridhika kama mtu aliyesifiwa mtoto.

Kuanzia hapo kupima kulichukua siku nyingi kuliko ilivyotakiwa. Severina alishika ncha moja ya utepe, Lutengano akashika ya pili, na watu wa soko wakaanza kuwaita "wenye kamba." Jumapili, baada ya misa, walipanda mpaka kwenye mwamba wa Gangilonga, wakakaa wakiutazama mji chini yao na mabati yake yanayometa.

"Kipenzi," alisema Lutengano, "mjomba wako Kalinga atataka ng'ombe wangapi?"

"Mjomba atataka kwanza kujua kama Mnyakyusa anakula ugali."

"Nitakula hata mawe."

"Ukisema hivyo mbele yake atakupikia."

Mwezi wa nne, siku ya mvua, alikuja barazani bila penseli sikioni. Kampuni ilikuwa imemwita Mbeya. Wiki mbili tu, alisema, halafu angerudi na wazee wake. Hakumtazama usoni. Severina alidhani ni uchungu wa kuachana, naye alikuwa na wake.

Duka la Jivraj lilikuwa na simu. Kila Jumamosi saa nne asubuhi ilikuwa ikilia, Jivraj akaita, "Severina, Mbeya inakutaka," naye akaacha cherehani na kukimbia huku wateja wakimtania.

"Halo? Mpenzi, unanisikia?"

"Nakusikia kama uko ndani ya debe."

"Ni mawingu ya Mbeya. Umekula?"

"Nimekula. Mama anakusalimu. Anauliza ile ripoti ya uwanja imeishia wapi."

Waya ulivuma.

"Lute? Uko?"

"Nipo. Ripoti iko kwa wakubwa. Mwambie mama ajitunze kifua."

"Unarudi lini?"

"Karibuni."

Wiki mbili zikawa nne, nne zikawa sita. Kisha asubuhi moja ya mwezi wa tano tangazo likabandikwa kwenye nguzo ya kwanza ya Mstari wa Askari. Ambrosi, mwalimu wa shule ya misheni aliyekaa chumba cha tatu, alilisoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyoshuka. Mpimaji amekagua jengo. Amekuta kuta zimepasuka na msingi umetitia. Jengo ni hatari kwa wakaao. Wote wahame kabla ya mwisho wa mwezi wa sita. Viwanja vimetengwa Kihesa.

"Nani kaandika?" aliuliza mzee Saulo wa chumba cha kwanza, kipofu, aliyezaliwa humo.

Ambrosi alimtazama Severina kabla ya kujibu. "Imeandikwa L. Mwambene."

Severina aliisogelea nguzo, akaisoma sahihi mwenyewe. Aliijua herufi ile L, ilivyopinda mkia. Ilikuwa kwenye barua nne alizozificha ndani ya droo ya cherehani.

Jumamosi simu ililia. Jivraj akaita. Severina aliendelea kuzungusha mkono wa cherehani.

"Severina, Mbeya."

"Mwambie sipo."

"Anasikia sauti yako, binti."

"Basi mwambie nimekufa."

Akilini mwake mambo yalikuwa yamekwisha jipanga. Kumbe Lutengano alikuwa akimtafuta mtu wa kumfungulia milango. Kumbe uji wa mama, hadithi za mama, safari za Gangilonga, zote zilikuwa kazi ya ofisi. Alikumbuka alivyokuwa akizunguka na ncha ya utepe mkononi, anacheka mbele ya soko zima, akisaidia kupima nyumba ya mama yake ili ibomolewe. Aibu ile ilimuuma kuliko hasira.

Walihama mwezi wa sita, wakati wa baridi kali. Kihesa hapakuwa na nyumba, palikuwa na vigingi. Mjomba Kalinga na Ambrosi walijenga chumba cha miti na udongo kwa siku tisa, na Bi Matilda akaingia kabla udongo haujakauka. Kuta zilitoa jasho. Ukiweka kiganja ukutani kilirudi kimelowa. Kikohozi kilianza wiki ya kwanza, wiki ya tatu kikashuka kifuani. Severina alimpeleka hospitali, wakampa dawa, wakamwambia amweke mahali pakavu.

"Mahali pakavu," Bi Matilda alirudia, walipokuwa wakirudi polepole barabarani.

Alifariki tarehe kumi na nane mwezi wa saba, saa tano asubuhi, Severina akimnywesha uji. Kabla ya hapo aliuliza jambo moja.

"Yule kijana aliugonga ukuta mbele yangu. Aliusikia. Kwa nini aliandika vile?"

"Sijui, mama."

"Muulize. Usimtukane. Muulize."

Mwezi wa nane kampuni ilileta watu thelathini na nyundo kubwa kubomoa Mstari wa Askari. Walitegemea kumaliza kwa siku mbili. Siku ya kwanza waling'oa mabati na mbao. Siku ya pili waligeukia kuta, na kuta zikakataa. Nyundo zilidunda. Mipini mitatu ilivunjika kabla ya adhuhuri. Soko lilisimama. Wauza nyanya, mafundi baiskeli, Wahindi na watumishi wa Boma wakati wa mapumziko, wote walikuja kuangalia kuta zilizosemwa zimepasuka. Hakuna aliyecheka. Siku ya nne tao moja tu lilikuwa limeanguka, na lilianguka zima, mawe yake yakiwa bado yameshikana chini.

Siku ile ya nne Severina alikuwa amesimama miongoni mwa watu, amevaa nguo nyeusi za msiba, basi la Mbeya lilipofika. Lutengano alishuka akiwa na vumbi la njia nzima nyusini. Alikuwa amekonda. Jivraj alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba mama amekufa.

Alimwendea Severina moja kwa moja, akasimama hatua mbili mbali.

"Pole," alisema.

"Mama aliniambia nikuulize. Kwa nini uliandika vile?"

Lutengano alivua kofia.

"Niliandika ripoti mbili. Ya kwanza niliandika kweli: jengo imara. Mkubwa wa kampuni akanirudishia. Akasema jengo likiwa imara haliwezi kubomolewa, na uwanja hauwezi kupanuliwa, na mchora ramani asiyeelewa hilo wapo wengine wa kuchukua nafasi yake. Akasema watu watajengewa nyumba za matofali kwanza, ndipo wahamishwe. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Nikaandika ya pili. Siku iliyofuata wakanihamisha."

"Na ulikuwa unanipigia simu kila Jumamosi."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia. Nikisikia sauti yako naogopa."

"Ulinipenda, au ulikuwa unapima?"

"Nilikupenda. Nakupenda. Hilo peke yake sikuliandika uongo."

Severina alimtazama. Nyuma yao nyundo iligonga jiwe, ikarudi.

"Usiniambie mimi," alisema. "Mimi na mama tuliujua ukuta. Waambie wale."

Akaonyesha kwa kidevu kundi la watu, na msimamizi wa kampuni aliyekuwa amekaa kivulini juu ya kiti cha kukunja, na watumishi wa Boma. Lutengano alitembea mpaka mbele ya ukuta uliobaki, akapanda juu ya lile tao lililoanguka.

"Mimi ndiye Mwambene," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, ila uwanja ulikuwa umenyamaza. "Mimi ndiye niliyeandika kwamba kuta hizi ni mbovu. Niliandika uongo. Nilizipima mwenyewe, ni nzima. Niliambiwa niandike hivyo, nikaandika."

Msimamizi aliinuka kwenye kiti. Alimwambia ashuke, akamwambia kazi hana tangu dakika ile, akamwambia mambo mengine kwa Kiingereza. Lutengano alishuka. Mzee Saulo, aliyekuwa ameletwa na wajukuu kusikiliza nyumba yake ikivunjwa, alipapasa hewani mpaka akaipata kola ya shati lake, akaishika.

"Matilda amekufa," alisema. "Ulishindwaje kusema mwezi wa tano?"

Mzee akaiachia kola.

Baada ya hapo msimamizi aliwaamuru watu waendelee. Waliendelea siku kumi na saba. Mwisho walitumia baruti, na madirisha ya Jivraj yakapasuka. Kweli ilikuwa imesemwa hadharani, lakini haikurudisha hata tao moja. Uwanja ukawa mpana, wa udongo mtupu, na upepo wa Iringa ukapata mahali pa kukimbilia.

Mwaka ukapita. Severina aliendelea kushona barazani, mgongo akiuelekeza mashariki. Simu ya Jumamosi haikulia tena, kwa kuwa alimwambia Lutengano siku ile asimpigie, naye alitii. Habari zake zilikuja na madereva: anafanya kazi ya uashi Uyole, anajenga ghala la misheni moja, hanywi, haongei sana. Mwezi wa saba, baada ya misa ya mwaka ya Bi Matilda, mjomba Kalinga alimwita mpwa wake.

"Mwalimu Ambrosi ameleta neno," alisema. "Ni mtu mwema. Alitujengea siku zile. Unasemaje?"

"Nipe wiki moja, mjomba."

Alipanda basi la Mbeya bila kumwambia mtu. Njia ilikuwa ndefu na ya vumbi, akalala kwa watu wa parokia Mbeya, na asubuhi akapata lifti ya lori mpaka Uyole. Alimkuta Lutengano juu ya jukwaa la miti, mikono myeupe kwa chokaa, suruali imechanika goti. Alipomwona aliteremka taratibu, kama mtu asiyeamini ngazi.

"Severina."

"Ugonile," alisema Severina. Ndiyo salamu pekee ya Kinyakyusa aliyoijua.

"Ndaga," alijibu. "Umefuata nini huku?"

"Ambrosi anataka kunioa. Nimekuja kuangalia kama bado nina hasira na wewe."

"Unayo?"

"Ninayo. Nilifikiri itakuwa imepungua. Nimekuona pale juu, ikaja yote."

Lutengano alitikisa kichwa polepole, akakubali. Aliichukua ndoo ya maji, akanawa mikono mpaka chokaa ikatoka, bila kuinua macho.

"Basi Ambrosi ni mtu mzuri," alisema.

"Sijamaliza. Na lile jingine nalo lipo. Nalo nilidhani limekufa." Alikaa juu ya rundo la matofali. "Siwezi kukusamehe kwa niaba ya mama. Sijui kama nitaweza hata kwa niaba yangu. Kuna siku nitakuamkia vibaya kwa ajili ya jambo hili, hata tukiwa wazee."

"Niamkie."

"Hutasema yamekwisha?"

"Sitasema."

Alipiga goti moja katika vumbi la matofali, goti lile lililochanika, akamwomba. Severina aliweka mkono juu ya kichwa chake, akauacha hapo. Waashi wengine walijifanya wanachanganya udongo.

"Kwanza utakuja Kihesa," alisema. "Utamwambia mjomba, na watu wa vyumba vyote kumi na vinne, nyumba kwa nyumba. Pale uwanjani uliwaambia wakiwa kundi. Sasa utawaambia ukiwatazama."

Alikwenda. Ilimchukua siku tatu. Wengine walimpa kigoda, wengine walimsikiliza wakiwa wamesimama mlangoni. Ambrosi alimsikiliza mpaka mwisho, akampa mkono, kisha akaingia ndani na hakuonekana siku mbili. Mjomba Kalinga hakumpa mkono. Alinyamaza mpaka Severina akaanza kulia, ndipo akasema, "Mpelekee mgeni maji ya kuoga. Ametoka mbali."

Walioana mwezi wa tisa mwaka 1956, bila ngoma. Severina alivaa gauni alilolishona kwa siku nne, na Jivraj akatoa kitambaa. Majirani wengi wa Kihesa walikuja, wakala, wakasema maneno mazuri. Mzee Saulo peke yake hakuja. Lutengano alimpakulia chakula mwenyewe, wali na nyama, akakifunika kwa sahani ya pili, akakipeleka. Aligonga mlango, akasikia mtu anakohoa ndani, akakiweka kizingitini na kurudi harusini.

Jua lilipokuwa linashuka Severina alipita pale, akiwasindikiza wageni wa Kalenga. Chakula kilikuwa palepale kizingitini, kimefunikwa kama kilivyopelekwa. Akawaaga wageni. Akakiokota, akakimwaga kwa mbwa nyuma ya nyumba za watu, akaziosha sahani zote mbili bombani, akazirudisha jikoni, na mumewe alipomuuliza kama mzee amekula, alimwambia amekula.